Wanyama Wawili Kwenye Kioo Kimoja

Madale, Dar es Salaam
Jumapili, 9 Machi 2025

Dada Sekela,

Leo imetimia miaka miwili, miezi miwili na siku tatu tangu uniache stendi ya Tukuyu na mfuko wa viazi. Shikamoo. Mwambie Mama sijanenepa, aache kuuliza. Joto la huku linapika watu, lakini mgongo niliouumiza kwenye zege kule Tegeta umetulia tangu niingie kazi hii ya maabara ya mifugo. Jesca asome. Mwambie mjomba wake aliishia la sita na mpaka leo anajuta.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu yako inachajiwa dukani kwa Marselino, na Marselino ndiye mwenyekiti wa kikundi chenu cha ng'ombe. Nikiongea nawe, foleni nzima ya chumvi inasikia.

Sasa ng'ombe wako, Sabuni. Umesema ana uvimbe kama yai chini ya taya, mwingine mbele ya bega, na ukiushika haumuumi. Nilimsomea Brightson, fundi wetu wa maabara. Akasema tezi zikivimba hivyo bila usaha inabidi mtu atazame damu. Ndani ya damu kuna chembe nyekundu na chembe nyeupe. Zile nyeupe zikizidi, au zikizaliwa vibaya, unaziona kwenye hadubini.

Nimefunga vioo sita vya hadubini kwenye gazeti. Mtoboe Sabuni ukingo wa sikio, tone moja liangukie kioo karibu na mwisho. Chukua kioo cha pili, kilaze kidogo, kiguse tone, kisha kisukume mbele mara moja tu. Itoke damu nyembamba kama ulimi. Pungia kivulini mpaka ikauke, usikaribie moto. Nzi wasiguse, wanakula damu ile wakaimaliza.

Halafu niambie jambo moja. Bwana mifugo alihamishwa muda mrefu uliopita. Siku hizi nani anachoma sindano ng'ombe wa kikundi?

Mdogo wako,
Ambakisye

*

Rungwe, 23 Machi 2025

Mdogo wangu Ambakisye,

Marahaba. Sisi tupo, mvua inatupiga kila siku, migomba miwili imeanguka nyuma ya jiko. Mama anakohoa asubuhi tu, ikifika saa nne ana nguvu za kugombana. Jesca amekuwa wa tatu darasani. Anasema akimaliza atakuja kwako awe mtu wa maabara kama wewe. Huku jina lako sasa ni Daktari. Marselino akiniona anauliza, "Daktari wetu hajambo?"

Vioo vimefika vizima. Cha kwanza nilisukuma damu ikawa uji. Cha pili nilikiweka dirishani, nikaenda kumfukuza kuku, nikarudi nikakuta nzi wamekilamba kikawa cheupe. Nilikuwa nadhani unatia chumvi kuhusu nzi. Cha tatu Mama alikifuta kwa kanga akidhani ni uchafu. Hiki cha nne ndicho, nimekifunga kwenye karatasi za daftari la Jesca. Viwili vilivyobaki nimevitunza.

Ndama wa Sabuni ana mwezi na siku tisa, mtamba mwekundu, ananyonya kama mwenye hasira. Unaujua utaratibu wetu: ng'ombe nilikopeshwa, na mtamba wa kwanza ndiye malipo, si wangu. Ni wa Mauwa, mke wa Khalfani, ambaye amengoja miaka mitatu. Banda ameshajenga, majani ameshapanda, kila Ijumaa anapita kumtazama. Anamkuna kichwani, anaondoka. Nikimpa ndama mgonjwa sitaweza kumtazama usoni tena. Nikimnyima ndama mzima, ni vile vile. Basi fanya haraka.

Dada yako,
Sekela

*

Madale, 8 Aprili 2025

Dada Sekela,

Shikamoo. Pole kwa ndizi. Mama apewe tangawizi. Huku mvua imeleta tope mpaka mlangoni, nafagia kutwa na halipungui. Hongera kwa Jesca, ila mwambie aje kuwa daktari hasa, asiwe kama mie.

Sina habari njema na siwezi kuizungusha. Brightson alikipaka rangi kioo chako jana. Akakaa, akasogeza, akasogeza tena. Akaniita, "Braza, njoo uone." Nikachungulia. Kulikuwa na chembe nyeupe kubwa kubwa, viini vyake vimejaa mpaka ukingoni. Akasema hizo ni changa, zimetolewa kabla ya kukomaa, na zilivyo nyingi hivi ni saratani ya damu.

Dkt. Salma mwenye maabara yuko Dodoma mpaka wiki ijayo. Sikuona sababu ya kumngoja. Usimpe Mauwa huyo ndama. Usimuuze Sabuni kwenye mnada, ataenda zizi la mtu mwingine. Maziwa chemsheni kama siku zote.

Hukunijibu kuhusu sindano.

Ambakisye

*

Rungwe, 27 Aprili 2025

Ambakisye,

Wote wazima. Pasaka ilikuwa nzuri, Mama alicheza kanisani kisha akalala siku mbili.

Nimefanya ulivyosema. Ijumaa ile Mauwa alikuja na kamba mpya, nikamwambia arudi nayo. Akauliza kwa nini. Nikasema, ndama hayuko tayari. Akasema, "Dada Sekela, ndama ananyonya, anakimbia, amenikanyaga mguu. Asiye tayari ni nani?" Nikaingia ndani.

Sikumwambia sababu. Nilifikiri nikisema saratani, kesho hakuna mtu atakayegusa maziwa ya kikundi chote. Sasa kisimani wananiimbia. Mmoja anasema, "Sekela amenogewa na mtamba." Mwingine anamjibu, "Mwacheni, kaka yake daktari, watafungua shamba la ng'ombe Dar." Nimeishi na watu hawa miaka arobaini na sita bila kuitwa mwizi.

Una uhakika?

Sekela

*

Madale, 11 Mei 2025

Dada yangu,

Shikamoo, na leo nisamehe kabla hujasoma. Mwili mzima, chakula nakula. Mama nimemwota anapalilia.

Hapana, sina uhakika. Sabuni hajaonekana kuwa na saratani ile niliyokuandikia. Nilikuandikia ugonjwa wa mnyama mwingine.

Dkt. Salma alirudi, akachukua kioo chako mwenyewe. Hakukaa hata dakika mbili. Akasema, "Brightson, hii damu ya nani?"

"Ya ng'ombe wa dada yake Ambakisye, Tukuyu."

"Ng'ombe gani ana damu ya mbwa?"

Akanisogeza nione. Chembe nyekundu za ng'ombe ni ndogo, zimejaa rangi. Za mbwa ni kubwa, zina weupe katikati kama sahani. Kioo kilikuwa nazo zote mbili. Na zile nyeupe mbaya zilikaa upande mmoja tu, pamoja na zile za mbwa, nyeusi kupita kiasi kwa sababu zilikuwa zimepakwa rangi mara mbili. "Kuna wanyama wawili kwenye kioo kimoja," akasema. "Kioo hiki kiliwahi kutumika. Nani alikiosha?"

Nikaweka ndoo chini. Nikasema, "Mie."

Dada, mie si mtu wa maabara. Nafagia, naosha vizimba, namwaga taka. Vioo vipya viko kabatini, ningeomba ningepewa. Nilishawaambia nyie nyumbani kwamba napima damu, na mpima damu haombi kioo kama anayeomba chumvi. Nikaokota sita vilivyokuwa vya kutupwa, nikaviosha kwa sabuni ya unga. Cha nne kilikuwa cha Jenerali, mbwa wa mwalimu mmoja mstaafu wa Segerea, aliyekufa kwa saratani ya damu mwezi wa pili. Mzee yule alikaa kwenye benchi letu na mkufu wa mbwa mkononi mpaka tukafunga. Nilimpa maji. Kumbe baadaye nikakutumia wewe damu ya mbwa wake.

Sasa soma vizuri hapa. Hii haina maana kwamba Sabuni mzima. Ile sehemu safi ya kioo ni ndogo, daktari amekataa kuisemea. Amesema uvimbe haukutoka kwenye kioo, uko shingoni kwa ng'ombe. Ametoa mwenyewe vichupa vipya viwili, chenye kofia ya zambarau cha kuhesabu chembe na chenye kofia nyekundu cha kupima kirusi, pamoja na sindano. Damu itoke mshipa wa shingo. Ndama abaki hapo hapo. Usimtoe mpaka nikuandikie.

Na vile vioo viwili vitupe chooni.

Ambakisye

*

Rungwe, 1 Juni 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amekusamehe, mie bado nafikiria. Alicheka ile ya ndoo mpaka akakohoa. Amesema, "Anafagia? Hapa alikuwa hafagii."

Nakuambia nilichofanya. Barua yako niliipokea stendi, nikaisoma nimesimama, ukurasa wa kwanza. Nilipofika pale uliposema Sabuni hana saratani, nikaikunja nikaiweka kifuani, nikaenda moja kwa moja kwa Mauwa. Nikamkabidhi ndama jioni ile ile mbele ya Marselino na kamati, tukapiga vigelegele. Mauwa alilia. Amemwita Zamu, kwa sababu zamu yake ilikuwa imefika. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikavua nguo, karatasi ikaanguka, nikaona ina ukurasa wa pili.

Sijamwambia mtu. Damu hii hapa, vichupa vyote viwili, nimevitia kwenye chupa ya chai yenye barafu ya duka la samaki. Kondakta ameahidi kuiweka miguuni mwake.

Uvimbe wa taya umekuwa kama ngumi. Na jicho la kushoto limeanza kutoka nje.

Sekela

*

Madale, 29 Juni 2025

Dada Sekela,

Shikamoo. Nimesikia baridi ya huko mwaka huu inaua miche. Mfunike Mama. Mie nilipata homa siku tatu, imepita. Baada ya ndoo ile nilidhani nitafukuzwa. Dkt. Salma badala yake amenifundisha kuosha vioo inavyotakiwa, na kila Jumamosi ananionyesha kimoja na kuniuliza mnyama gani. Nimepatia paka na mbuzi. Kuku ni rahisi, chembe zake nyekundu zina kiini katikati kama kokwa.

Damu ilifika ingali baridi. Safari hii amesoma daktari mwenyewe, nami nikangoja nimesimama. Ameniambia kwanza kitu ambacho Brightson hakunieleza: ng'ombe kwa kawaida ana chembe nyeupe zile za duara nyingi kuliko mbwa, ukimhukumu kwa macho ya mbwa utawaua wazima. Kwa hiyo alihesabu moja moja, kisha akahesabu tena. Za Sabuni zimezidi mara nne ya wingi wa kawaida, na baadhi viini vyake vimekatika kama jani lililoliwa na mdudu. Kichupa chekundu kilipelekwa kupimwa kirusi. Anacho. Kirusi hiki hukaa ndani ya chembe nyeupe za ng'ombe. Wengi wanaishi nacho hadi uzee bila dalili, wachache kinawageukia tezi. Sabuni ni wa hao wachache. Hakuna dawa, dada. Hatapona.

Zamu hawezi kupimwa sasa. Amenyonya kinga ya mama yake, kipimo kitasema anacho hata kama hana. Mpaka apite miezi sita, na daktari anataka saba. Huenda mzima, huenda hapana.

Sasa sikiliza. Ugonjwa huu unatembea na damu. Tone usiloliona linatosha. Kisu cha kukatia pembe, au sindano moja ikitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Brightson alivitazama vile vichupa akasema damu ilivutwa vizuri, haikuvunjika hata kidogo. Akasema, "Mkono huu umezoea sindano."

Nakuuliza mara ya tatu. Nani anachoma ng'ombe wa kikundi?

Ambakisye

*

Rungwe, 20 Julai 2025

Ambakisye,

Miche ya Mama imekufa, yeye mzima. Jesca ana sare mpya. Sabuni alilala Jumatano tarehe tisa asubuhi, hakuinuka. Mchinjaji alikuja na mkokoteni kabla hata hajapoa, nikamrudisha. Tumemzika nyuma ya migomba, watu sita tulichimba.

Mie ndiye ninayechoma. Ulijua tangu Machi, nami nilijua kwamba unajua.

Bwana mifugo alipohama aliniachia bomba moja na sindano tatu, akanionyesha shingo na paja. Watu walikuwa wanapoteza ndama, nani angekataa? Kila asubuhi ya chanjo au dawa ya minyoo nilichemsha sindano kwenye sufuria mpaka maji yakaruka, nikaifunga kitambaa safi. Kisha nikazunguka nayo ile ile nyumba zote kumi na moja. Nilijiona msafi kuliko hospitali. Nilichemsha mara moja, nikadhani usafi unakaa siku nzima kama nguo iliyofuliwa.

Baada ya kumzika Sabuni nilienda kwa Mauwa kwanza. Nilimweleza yote, mbwa, ukurasa wa pili, sindano. Alikuwa anakata majani, hakuacha kukata. Nikamwambia nimekuja kumchukua Zamu.

"Umchukue umpeleke wapi?"

"Kwangu. Angojee kipimo."

"Kungoja najua kuliko wewe," akasema. "Miaka mitatu nimengoja ng'ombe asiyekuwepo. Huyu yupo. Harudi. Atapimwa hapa, mie nimeshika kamba."

Jumapili iliyofuata nikasimama kwenye mkutano wa kikundi. Niliwaeleza ya kirusi na ya sindano moja. Marselino akauliza, "Kwa hiyo miaka miwili umetuchanganyia damu kama togwa?"

Nikasema, "Ndiyo."

Mtu wa nyuma akasema, "Kaka mfagiaji, dada mchanganyaji, ukoo wa madaktari." Wakacheka. Sikukaa. Nikawaambia hakuna ng'ombe atakayeuzwa wala kuchomwa na mtu yeyote mpaka wote kumi waliobaki wapimwe, kila mmoja na sindano yake, nami nitaanza kwa yule wa Marselino. Mauwa akanyanyua mkono akasema Zamu awe wa kumi na moja. Baada ya hapo kicheko kiliisha. Wamekubali. Wengine hawanisalimii bado, lakini wamekubali.

Mie naweza kuvuta damu. Kuzifikisha damu za ng'ombe kumi na mmoja Madale kwenye miguu ya kondakta siwezi. Na ikirudi karatasi ya majibu, nani atasimama mbele yao aisome?

Sekela

*

Madale, 17 Agosti 2025

Dada Sekela,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mpaka ukurasa wa mwisho, kisha nikaigeuza nyuma kuhakikisha. Poleni kwa Sabuni. Mama awekewe mbegu, nitamletea miche ya pilipili kutoka hapa, tuone kama baridi itaiweza.

Nilimpelekea Dkt. Salma barua yako. Alisoma ile ya kuchemsha mara moja, akavua miwani. Akasema ameshakutana na wafugaji wenye digrii wanaofanya hivyo hivyo, hapa hapa Madale, na hakuna aliyesimama mkutanoni. Nimekunukulia kama alivyosema.

Mambo yalivyo ni haya. Nimeomba ruhusa, amenipa. Amenipa boksi la sindano, vichupa vya kofia zote mbili, boksi la barafu lenye mfuniko wa kubana, na vioo vipya ambavyo havijawahi kuona mnyama. Niliviomba kwa mdomo wangu. Amenifanya nivute damu ya mbuzi wa jirani mara nne mbele yake, ya nne ndiyo akaitikia kwa kichwa. Damu nitazipandisha basi mie mwenyewe, nimezipakata. Akishazisoma nitayarudisha majibu kijijini kwa miguu yangu, na karatasi nitaisoma mbele yao mie. Wakitaka kumcheka mfagiaji, wacheke nikiwepo.

Watakaokuwa nacho watafungwa mbali na wenzao, hawatauzwa kwa siri. Ndama wao watanyonyeshwa na ng'ombe safi. Sindano ya mmoja haitagusa wa pili mpaka mwisho wa dunia. Kama Zamu anacho, mtamba wa kwanza atakayezaliwa kwa ng'ombe aliye safi anaenda kwa Mauwa, na wewe nami tunakaa nyuma ya foleni kwa miaka itakayobidi. Mwambie hivyo leo, usingoje niseme mie. Kama hana, basi hana, na mengine hayabadiliki.

Nilitaka nirudi na bati za nyumba ya Mama, narudi na boksi la barafu. Lakini tangu niondoke sijawahi kubeba mzigo ninaojua unakwenda wapi kama huu.

Zamu atatimiza miezi saba katikati ya mwezi ujao. Mwambie Mauwa kamba iwe imara, na Marselino afunge ng'ombe wake tangu alfajiri asije akasema amepotea. Nachukua basi la asubuhi. Nitashuka stendi ya Tukuyu Jumamosi, tarehe ishirini Septemba, jioni. Jumatatu tunaanza.

Ambakisye